Aliyeingia kwa Mlango wa Mbele

Taya langu limepinda kushoto, na watu wasionijua hudhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Lilivunjwa na mama mkwe wangu, Gobnait Lehane, kwa jiwe alilolitia ndani ya soksi, siku ya gulio la Mtakatifu Mikaeli, jikoni mwetu, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto. Kwa hilo simlaumu. Kwa mengine namlaumu, na nitamlaumu mpaka niingie kaburini, na nikimkuta huko nitaendelea nilipoishia.

Mimi ni Eilís. Nilizaliwa Cremin, ng'ambo ya bwawa la mboji, ule udongo mweusi tunaoukata na kuukausha tuuchome kama kuni, nikaolewa na Conchúr Lehane. Watu wa bonde letu wakisikia hivyo hutikisa kichwa, maana Cremin na Lehane wanapasuana mafuvu tangu enzi za babu zetu. Chanzo ni lango la makaburi. Mazishi mawili yalifika hapo kwa wakati mmoja, na kila mtu anajua kwamba maiti anayeingia mwisho ndiye anayekabidhiwa kulinda makaburi usiku na mchana, hadi afe mwingine wa kumpokea. Hakuna aliyetaka mama yake apewe kazi hiyo. Wakaweka majeneza chini, wakaanza kupigana, na hawajaacha. Padri alidhani ndoa yetu ingezima moto huo. Padri hajawahi kuoa, angejuaje.

Nyumba ya akina Lehane ilikuwa kama nyumba zote: jiko refu katikati, ng'ombe upande wa chini, chumba cha kulala nyuma ya meko. Milango miwili ilitazamana, na kila siku ulifungua ule ambao upepo haukuupiga. Wa mbele ulikatwa vipande viwili, ndio tuuitao mlango wa nusu. Cha chini kilifungwa kuzuia kuku na nguruwe, cha juu kikaachwa wazi ili mwanga uingie. Wa nyuma ulikuwa mzima, na ulifungwa kwa komeo la mti. Ukitoka huko unapita jaa la samadi, unashika njia ya bwawani, na kama unaijua njia hiyo hakuna farasi wala mtu mwenye buti atakayekupata.

Basi kuna sheria. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, atoke kwa mlango wa mbele. Akiikata nyumba katikati na kutokea upande wa pili, anaondoka na bahati yote ya nyumba. Kwetu alipata kuja mshonaji wa kuzunguka, akakaa wiki nzima akishona makoti ya wanaume. Siku ya mwisho alitoka nyuma kwenda kujisaidia, akapitiliza moja kwa moja hadi kijiji cha pili. Hakuwa na nia mbaya, alisahau tu. Haikupita miezi miwili mtoto wangu wa kwanza akafa. Mwaka uliofuata akafa wa pili. Cheka ukitaka. Mimi nilizika wawili, na sikucheka.

Kwa hiyo Art, mtoto wangu wa tatu, alipozaliwa, Gobnait alilichukua koleo la moto akalilaza kukingama juu ya kitanda chake, maana wale viumbe wa vilimani wasioonekana huiba watoto wa kiume na chuma hawakipendi. Hilo koleo lilikuwa na maneno yake. Bibi harusi akiingia nyumba ya mumewe, mama mkwe humkabidhi koleo, ndiyo kusema moto ni wako sasa. Mimi Gobnait hakunikabidhi. Miaka mitano nilichochea moto wake na kugeuza viazi vyake, na kila jioni alilipokea koleo kutoka mkononi mwangu kama anayempokonya mwizi.

Asubuhi ya gulio Conchúr aliingiza mkono ndani ya dohani na kulishusha rungu lake. Lilikuwa la mti wa miiba, jeusi, lenye vifundo. Mimi mwenyewe nililipaka siagi mara tatu na kulipandisha likaushwe na moshi kwa majira mawili. Dónal, mdogo wake, alitoboa kichwa cha rungu akamimina risasi iliyoyeyushwa.

"Shika uone, shemeji," Dónal aliniambia. "Hili likimgusa Cremin, atamsalimia bibi yake aliye langoni."

"Bibi yangu pia huyo," nikamwambia.

"Basi tutampa salamu zako!"

Nilimgeukia Conchúr. Sikuwa mwanamke wa kuomba omba, lakini siku hiyo niliomba. "Ukimkuta Fínín huko je?"

"Nikimkuta shemeji yangu nitamvulia kofia."

"Conchúr, nisikilize. Sina ndugu mwingine."

"Nimesema nitamvulia kofia. Unataka nimbusu pia?" Wakacheka wote wawili, wakaondoka wakipiga ukuta kwa marungu.

Fínín alikuwa mdogo wangu kwa miaka sita. Mama yetu alikufa akimzaa, na bibi alipochoka mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda bwawani wakati baba akikata mboji. Njia ile ya bwawani niliijua kwa ajili yake, naye aliijua kwa ajili yangu. Tangu niolewe alikuja mara tatu tu kunitazama, kila mara kwa mlango wa mbele, kila mara kofia mkononi. Gobnait alimpa maziwa ya mtindi bila kumtazama usoni.

Mimi sikwenda gulioni kwa sababu Art alikuwa na kikohozi. Gobnait hakwenda kwa sababu gulio lililopita mwanamke wa Cremin alimkanyaga kwa buti akamvunja vidole vya mguu. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mguu juu ya rundo la mboji, soksi yake yenye jiwe mapajani. Hakuwa na pa kuitumia, lakini alipenda kuishika.

Mchana ulipogeuka tukaanza kusikia kelele zikipanda bondeni. Mwanamke mmoja jirani alipita barabarani akikimbia, aproni imejaa damu isiyo yake, akatupigia kelele juu ya mlango wa nusu kwamba akina Lehane wamewavunja akina Cremin darajani, kwamba kuna mtu sikio lake linaning'inia, kwamba askari wa farasi wametumwa kutoka mjini. Gobnait aligonga jiwe lake sakafuni kwa furaha.

"Na Conchúr?" nikauliza.

"Conchúr anawafukuza kama kondoo!" akajibu yule jirani, akaendelea na mbio zake.

Sikupata hata muda wa kukaa. Kipande cha chini cha mlango kilisukumwa, kuku wakatawanyika, na ndugu yangu akaingia.

"Mungu awabariki wote waliomo," alisema Fínín. Hakuna aingiaye nyumba bila kusema hivyo, hata awe anakufa. Nywele zake zilikuwa zimegandamana na damu na jicho moja limefumba. Mkono wa kushoto ulining'inia vibaya, nikajua bega limetoka.

"Fínín!"

"Wako chini ya kilima, dada. Wanakaribia kumi. Nipishe nipite nyuma, nikifika bwawani hawanipati tena."

Nilikwisha kuushika mkono wake mzima na tulikuwa tumefika katikati ya jiko. Gobnait alikuwa mbele yetu. Sijui alifikaje pale na vidole vyake vilivyovunjika. Alisimama mgongo umeegemea mlango wa nyuma, mikono imetandazwa.

"Umeingia kwa mlango gani, mwana wa Cremin?"

"Mama, hakuna muda," alisema Fínín.

"Nimekuuliza mlango."

"Wa mbele."

"Basi utatoka kwa wa mbele. Hapa hapiti mgeni."

"Mgeni?" Fínín alicheka, na damu ikamtoka puani. "Mama Gobnait, mimi ni mjomba wa mtoto yule. Mjomba anakuwaje mgeni?"

"Mjomba wa Cremin ni mgeni kwa Lehane. Wawili wamekufa humu. Wa tatu anakohoa pale. Umsikie."

Art alikohoa kweli. Alikohoa kikohozi kile cha mbwa ambacho wa kwanza alikianza siku ya Alhamisi akafa siku ya Jumapili.

Nikasema apande darini. Gobnait alisema wanawe wataifumua dari yote mpaka nyasi za paa, na alikuwa sahihi. Kelele sasa zilikuwa kwenye ukuta wa shamba. Nilimsikia Dónal akiimba.

Fínín alikuwa na nguvu. Kwa mkono mmoja angemwinua mwanamke yule mzee na kumweka kando kama kapu. Hakufanya hivyo, na watu wetu wanajua kwa nini: hakuna aliyetaka kuiba bahati ya nyumba kwa nguvu, hasa nyumba yenye mtoto. Ruhusa lazima itoke kwa wenye nyumba. Akanigeukia.

"Sema wewe, Eilís. Hapa ni kwako. Mimi ni mtu wa nyumba hii, au ni mgeni?"

"Ndiyo, aseme," alisema Gobnait. "Yeye ni mama wa mtoto. Akisema ni wa nyumba, naondoka mlangoni."

Nilitazama kile kitanda. Nilimwona Art uso umekuwa mwekundu, na koleo juu yake, na nikawaona wale wawili niliowazika. Nataka kusema nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilifungua mdomo na neno lilikuwa tayari limekaa pale.

"Mgeni," nikasema.

Fínín alinitazama kwa jicho lake moja. Hakukasirika. Ningekuwa na amani zaidi leo kama angenitukana.

"Sawa, dada," alisema. "Basi bahati ibaki kwa mpwa wangu." Akapita karibu na kitanda, akagusa mguu wa mtoto kwa kidole chenye damu. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa sababu hata kutoka kuna neno lake. "Mungu ailinde nyumba hii," akasema, akafungua kile kipande cha chini akatoka, akakifunga nyuma yake kuku wasiingie.

Walimkuta hatua moja tu nje ya kizingiti.

Mlango wa nusu ni kitu kiovu. Sikumwona akianguka, kwa sababu alianguka chini ya usawa wa mlango. Niliona kofia na mabega ya wanaume, na marungu yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, kama wanaume wapurao ngano. Nilisikia sauti ya mti juu ya nyama, kisha sauti ya mti juu ya mfupa, na hiyo ni tofauti. Mara moja niliona mkono wa Fínín ukishika ukingo wa juu wa kile kipande cha mlango, vidole vinne, na rungu likashuka juu yake. Nilijua rungu lile. Nililipaka siagi mara tatu. Nikautazama mkono ulioshika rungu, nikapanda nao hadi usoni, na alikuwa Conchúr. Kofia yake ilikuwa kichwani. Hakuivua.

Nilipiga kelele jina lake. Alinitazama juu ya mlango, uso mweupe, kama mtu anayeamshwa, kisha akashusha rungu tena. Marungu yaliendelea hata baada ya sauti ya chini kunyamaza.

Gobnait alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. "Basi," alisema. "Basi, inatosha sasa, watoto." Alisema polepole, kama anayewaita ng'ombe.

Ndipo tukasikia farasi. Walikuwa wengi na karibu sana, maana walikuwa wamepanda kwa njia ya kanisani ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Wale wanaume wakatawanyika kama panya, huyu kwenye ukuta, huyu kwenye shimo la viazi. Watatu waliruka mlango wa nusu wakaingia ndani: Conchúr, Dónal, na mtu wa bonde la pili jina lake Batt Hickey, ambaye alipigana upande wowote uliompa kinywaji. Walikuwa wamelowa damu. Hickey alikuwa na nywele za ndugu yangu zimenasa kwenye vifundo vya rungu lake.

"Nyuma!" alisema Conchúr. "Fungua nyuma!"

"Piteni, wanangu," Gobnait akasema. "Piteni haraka, kila mtu."

Kila mtu. Nilimsikia vizuri. Hickey alikuwa hajawahi kukanyaga jiko lile tangu azaliwe, na alikuwa amepita mlango wa mbele, na mama mkwe wangu alikuwa akimwita mwanawe na kumwonyesha mlango wa nyuma. Kikohozi cha Art hakukisikia tena. Hapo kitu kilifunguka kifuani mwangu na mpaka leo hakijafunga.

Nilifika kabla yao. Sikumbuki kulichukua koleo, lakini lilikuwa mkononi, chuma kirefu kama mkono wangu, bado na joto la mtoto. Nikaegemeza mgongo wangu kwenye komeo, pale pale alipokuwa amesimama Gobnait.

"Sogea, shemeji," alisema Dónal.

"Mmeingia kwa mlango gani?"

"Nini?"

"Nimewauliza mlango."

"Huyu amepata wazimu," alisema Hickey. Dónal akanyoosha mkono kulishika komeo, nami nikashusha koleo juu ya kiwiko cha mkono wake. Lilitoa sauti ile ile niliyoisikia nje. Alipiga magoti akilia, na Hickey aliponijia nilimchoma usoni kwa ncha, shavu likafunguka mpaka meno yakaonekana kwa pembeni. Akarudi nyuma akikanyaga kuku.

Gobnait ndipo alipopata kazi ya soksi yake. Aliirusha kwa nguvu zote za mwanamke aliyezaa wanaume sita, na jiwe likanipata hapa, kwenye taya. Niliona mwanga mweupe na nikameza meno mawili. Sikuanguka. Mlango ulinishikilia.

"Mpumbavu wewe!" alilia. "Watanyongwa! Mumeo atanyongwa!"

Farasi walikuwa uani. Mtu alikuwa akitoa amri kwa Kiingereza.

Conchúr hakuinua rungu lake. Hilo nitamshuhudia. Alilitupa kwenye moto, akaja karibu mpaka nikanusa jasho lake, na damu, na moshi wa meko yetu kwenye koti lake.

"Eilís," alisema kwa upole. "Sikujua ni yeye mpaka nilipokwisha kuanza. Ukianza huwezi kuacha, unajua ilivyo. Wenzako wote wanakutazama."

Nilikaza mgongo kwenye komeo.

"Fungua, mke wangu. Mtoto atabaki bila baba."

"Umeingia kwa mlango gani?" Taya lilikuwa limevunjika na maneno yalitoka yakiwa yamepondeka, lakini aliyasikia.

"Wa mbele. Unajua ni wa mbele."

"Aliyeingia kwa mlango wa mbele anatoka kwa mlango wa mbele."

"Hiyo ni sheria ya mgeni, Eilís! Mimi nimezaliwa humu! Mimi ni nani kwako?"

Kwa mara ya pili siku ile neno lilikuwa limekaa tayari, na safari hii nilifikiri. Nilikuwa na muda wote wa dunia. Nilimtazama mtu niliyelala naye miaka mitano, mwenye tone la damu ya ndugu yangu kwenye nyusi, na nikafikiri vizuri kabisa.

"Mgeni," nikamwambia.

Askari wakaingia juu ya mlango wa nusu.

Hickey walimnyonga mjini mbele ya watu. Conchúr na Dónal walitiwa merikebuni na kupelekwa upande wa pili wa dunia, na barua ilikuja moja tu, ya padri wa huko, kusema homa imewachukua wote wawili. Fínín tulimzika kwa amani, bila mazishi mengine langoni. Alilinda makaburi miezi minne hadi alipokufa mzee mmoja wa Lehane na kumpokea zamu.

Gobnait na mimi tuliishi chini ya paa lile miaka kumi na mmoja, wanawake wawili na moto mmoja. Tangu siku ile koleo lilikaa upande wangu, na hakuliomba. Tulizungumza kuhusu ng'ombe, viazi na mvua. Hakuwahi kuniuliza kwa nini, wala mimi sikumuuliza. Siku alipokuwa akifa alinishika mkono, akatazama mlango wa nyuma, akasema, "Ungesema tu ni wa nyumba. Ningempisha. Naapa ningempisha." Nilimwambia najua. Nikamfunga macho mwenyewe.

Art aliishi. Kikohozi kilipoa baada ya siku mbili, na sasa ni mwanamume mwenye mabega ya Lehane na macho ya Cremin, na mke wake nilimkabidhi koleo siku ile ile alipovuka kizingiti, hata kabla hajavua shali. Bahati ya nyumba haikutoka. Kila mtu bondeni anasema hivyo.

Kwenye ukingo wa mlango wa nusu kuna kovu pale rungu liliposhuka, na Art hupenda kuegemeza kiwiko chake hapo jioni akivuta kiko. Amesikia habari za mjomba wake kwa watu, vipande vipande, na mara nyingine huniuliza, "Mama, hasa nani alimuua Fínín?"

Namwambia ni watu wa nyumba hii. Huitikia kwa kichwa, akimfikiria baba yake, akimfikiria Dónal na bibi yake, mimi hanifikirii, kisha huendelea kuvuta kiko chake.